Kamera Ndani ya Mfuko wa Ngozi ya Mbuzi

Katika nyumba nyingi za Ludewa, kuanzia Mlangali na Lugarawa kwenye baridi hadi Manda kando ya Ziwa Nyasa, picha ya askari haikosekani ukutani. Imetundikwa sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa. Kijana amesimama wima, kofia imelala upande, vifungo vyote vimefungwa, mikono imebana mapaja kana kwamba bado anasikia amri ya kwata. Nyingi ni za vijana wa JWTZ waliokwenda Kagera na kuingia Uganda mwaka 1978 na 1979. Chache, zilizokwisha kugeuka rangi ya chai, ni za wazee wa Keya (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Abisinia (Ethiopia ya leo), Madagaska na Burma. Uliza huyu ni nani, utajibiwa kuwa ni babu. Uliza picha ilipigwa wapi, mwaka gani, na wale wawili waliosimama kushoto kwake ni akina nani. Hapo watu hutazamana.

Mwaka 1941, Keya walipokuwa wakipanda kutoka Kenya kwenda kuwafurusha Waitaliano Abisinia, upande wa kaskazini wa nchi hiyo, katika milima ya Gojjam, alikuwapo ofisa Mwingereza mrefu, mwembamba, mwenye pua iliyovunjwa kwa ngumi za ulingoni. Jina lake Wilfred Thesiger. Jeshini alitumikia miaka michache tu. Kamera aliishika kwa zaidi ya nusu karne. Alipofariki tarehe 24 Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 93, aliacha negativu zipatazo 38,000, ambazo leo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers ya Chuo Kikuu cha Oxford. Sehemu kubwa ya hazina hiyo ni sura za watu wa upande wetu wa dunia: Ethiopia, Sudan, Kenya, kaskazini mwa Tanzania, na ng'ambo ya bahari huko Oman na nchi za Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wamejenga maisha yao.

Thesiger alizaliwa Addis Ababa tarehe 3 Juni 1910, katika ubalozi wa Uingereza ambako baba yake alikuwa mwakilishi wa nchi yake. Mwaka 1916, akiwa na miaka sita, alishuhudia jambo ambalo watoto wachache wamelishuhudia. Jeshi lililomshinda Negus (mfalme) Mikael katika vita vya Segale lilirudi mji mkuu kwa shangwe, maelfu kwa maelfu ya wapiganaji wenye mikuki na ngao, manyoya ya simba mabegani, na Negus mwenyewe akipitishwa katikati yao amefungwa minyororo. Hakuwa na kamera siku hiyo. Lakini hadi uzeeni alikuwa akisema kwamba tukio hilo ndilo lililomfanya apende kuishi kati ya watu wa namna ile. Shule alisomea Uingereza, kwanza Eton kisha Oxford, na huko alijulikana zaidi kwa ndondi kuliko kwa vitabu.

Baba alifariki mapema, mwaka 1920. Miongoni mwa vitu alivyoacha kulikuwa na kamera ya Kodak ya sanduku, ile ya kubonyeza tu bila kurekebisha mambo mengi. Ndiyo aliyoanzia kijana Thesiger. Mwaka 1930 alirudi Addis Ababa kwa mwaliko wa mfalme mwenyewe, kuhudhuria kutawazwa kwa Haile Selassie. Miaka mitatu baadaye alifunga safari ya kufuata mto Awash, katika nchi ya Waafar ambako misafara kadhaa ya Wazungu ilikwisha kuangamia. Wageni walikuwa wakijiuliza mto huo unapotelea wapi, kwani haufiki baharini. Thesiger aliufuata mpaka mwisho wake, Ziwa Abhe, mpakani na Djibouti ya leo.

Baada ya safari hiyo, mwaka 1934, akanunua Leica, na kamera hiyo inahitaji maelezo kidogo.

Kabla yake, kupiga picha kwa ufundi ilikuwa kazi ya mizigo. Wapiga picha wa Zanzibar na Dar es Salaam wa mwanzo wa karne ya 20 walitumia kamera kubwa za mbao, miguu mitatu, kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, na vioo vizito vilivyopakwa dawa. Anayepigwa alitakiwa atulie kama jiwe. Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925, ilitumia mkanda mwembamba wa sinema na kutoshea mfukoni. Mkanda mmoja ulitoa picha 36. Leica ya pili, ya mwaka 1932, iliongezewa kifaa cha kupimia umbali, hivyo mtu akitazama kwenye kidirisha anajua sura ya mbele yake imekaa sawasawa. Sasa mpiga picha fundi aliweza kutembea kwa miguu miezi mitatu na chombo chake, na akapiga picha ya mtu akiwa anacheka badala ya kungoja anune. Picha 36 ni chache, hata hivyo. Mtu aliye porini hana duka la kununulia mkanda mwingine, na akikosea hawezi kufuta. Wale tuliozoea simu inayobeba maelfu ya picha hatuijui tena nidhamu hiyo ya kutazama kwanza, kusubiri, kisha kubonyeza mara moja.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa utawala wa kikoloni nchini Sudan, kuanzia mwaka 1935, Darfur na baadaye kwa Wanuer. Huko aliua simba 70. Walikuwa wakivamia mifugo ya wananchi, ndivyo ilivyoelezwa, na enzi hizo jambo hilo lilihesabika kuwa ushujaa; kwa macho ya leo, idadi hiyo inaumiza. Mtu huyu hakuwa malaika na hakuna haja ya kumpamba.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika alijiunga na Jeshi la Ulinzi la Sudan, akawekwa chini ya ofisa Orde Wingate katika kikosi kilichoitwa Gideoni. Kilikuwa kikosi kidogo cha Wasudani na Waethiopia, wakiongozwa na maofisa wachache Waingereza, kikipambana na Waitaliano waliowazidi mara nyingi kwa idadi. Kwa mapigano hayo Thesiger alipewa nishani ya DSO. Tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa.

Msomaji wa Njombe au Makambako asidhani hayo ni mambo ya mbali. Mji mkuu huo ulikuwa umetekwa mwezi mmoja kabla, tarehe 6 Aprili, na majeshi yaliyotokea kusini, na kati yao walikuwamo Keya. Wanajeshi wa Tanganyika walikuwa katika kikosi cha sita cha Keya, na tarehe 19 Mei 1941 walipigana mapigano makali mahali panapoitwa Colito, ambako Sajenti Nigel Leakey aliparamia kifaru cha adui na kupata, baada ya kufa, nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Kambi ya jeshi ya Dar es Salaam ilipewa jina hilo la Colito. Hapo ndipo maasi ya Januari 1964 yalipoanzia, yaliyosababisha jeshi la zamani livunjwe na JWTZ kuundwa mwezi Septemba mwaka huo huo. Leo kambi hiyo ni Lugalo, jina la mahali karibu na Iringa ambapo Wahehe waliwapiga Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Sajenti Leakey ana picha na kumbukumbu vitabuni. Vijana wa Kitanganyika waliopigana naye siku hiyo hawana, isipokuwa zile zinazoning'inia sebuleni mwa wajukuu.

Baada ya Abisinia, Thesiger alipelekwa Syria, kisha akajiunga na kikosi maalumu cha SAS kilichokuwa kikishambulia kambi za Wajerumani kwa magari katika jangwa la Afrika Kaskazini. Vita hivyo vya magari havikumpendeza. Alilalamika kwamba ndani ya gari mtu hupita jangwani bila kulijua.

Mwaka 1945 ikaja nafasi aliyokuwa akiiota. Kitengo cha kupambana na nzige kilitaka mtu wa kuchunguza mahali nzige wanapozaliana kusini mwa Arabuni. Wakulima wa Afrika Mashariki wanajua maana ya wingu la nzige. Jangwa wanakozaliana lilikuwa jambo la chakula chetu pia. Kwa Thesiger nzige walikuwa kibali tu. Alichokitaka ni Rub' al-Khali, Robo Tupu, bahari ya mchanga ambayo Wazungu wawili tu walikuwa wamekwisha kuivuka kabla yake. Aliivuka mara mbili, kwanza mwishoni mwa 1946 na tena mwanzoni mwa 1948, juu ya ngamia, peku, amevaa kanzu kama wenzake wa kabila la Rashid. Waarabu wakamwita Mubarak bin London.

Leica aliitia ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi ili mchanga usiingie kwenye lenzi. Na ni katika safari hizo ndipo upigaji picha ulipogeuka kutoka kumbukumbu za msafiri hadi kuwa mapenzi ya kweli. Akaanza kuzitafuta sura. Wenzake wawili, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, walikuwa bado vijana wadogo walipoanza kufuatana naye, na wanaonekana katika picha nyingi: wakinywesha ngamia, wakigawana mkate uliookwa kwenye majivu, wakitazama upeo wa mchanga kwa macho yaliyokazwa na jua. Mara nyingi yeye hupiga akiwa chini kidogo, akimwinulia mtu macho, nyuma yake pakiwa na mbingu tupu. Matokeo yake ni kwamba kijana maskini asiye na kitu ila kanzu moja na bunduki ya mkopo anaonekana na heshima ya mfalme. Hiyo haikuwa hila ya kamera peke yake. Alikula walichokula, alikaa na kiu walipokaa na kiu, na kamera iliinuliwa baada ya miezi ya kuzoeana.

Picha zake karibu zote ni nyeusi na nyeupe, kwa hiari yake, hata baada ya filamu za rangi kuenea kila duka. Aliamini kwamba rangi humfunga mpiga picha kuonyesha kitu kama kilivyo, ilhali weusi na weupe humruhusu kuchagua: mwanga wa shavuni, kivuli cha mkunjo wa kilemba, kovu. Kuhusu ufundi wenyewe hakuwa na maneno mengi wala hakujali sana kwenda na wakati. Mikanda ilisafishwa na mafundi Uingereza, na yeye akizipata picha alizichagua, akazipanga katika albamu kwa nchi na kwa safari. Albamu hizo zilifika zipatazo 70.

Kati ya 1951 na 1958 aliishi miezi mingi kila mwaka na Waarabu wa mabwawani kusini mwa Irak, watu waliojenga nyumba kubwa za matete juu ya visiwa vya matete na kutembea kwa mitumbwi. Miongo mitatu na zaidi baadaye, kufuatia uasi wa 1991, serikali ya Saddam Hussein iliyakausha mabwawa hayo na kuwatawanya wenyeji. Maji yalianza kurudishwa baada ya 2003. Picha za askari huyu mstaafu ni sehemu ya ushahidi wa jinsi kulivyokuwa.

Kisha akaja kwetu. Mwaka 1960 aliingia Kenya, kisha akatembea kwa miguu na ngamia hadi Ziwa Turkana. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 60 alipita pia katika nchi ya Wamaasai kaskazini mwa Tanganyika, maeneo ya Ngorongoro, na morani aliowapiga picha huko ni wa kizazi kilichoona bendera ikibadilishwa. Hatimaye akatia nanga Maralal, makao ya Wasamburu, mji ule ule mdogo ambako Jomo Kenyatta alishikiliwa kwa miezi kadhaa mwaka 1961 kabla ya kuachiwa huru. Thesiger aliishi huko miaka mingi, katika nyumba za kawaida za mbao na udongo, akiwa na vijana wa Kisamburu na Kiturkana aliowasomesha, aliowajengea na aliowahesabu kuwa wanawe. Hakuwahi kuoa. Wasamburu walimwita Sangalai, ndovu dume mzee atembeaye peke yake. Kitabu chake cha picha kilitoka mwaka 1987, na kile cha miaka yake ya Kenya mwaka 1994. Mwaka huo huo, baada ya vifo vya wawili kati ya vijana wake wa karibu, mmoja wao Lawi Leboyare, aliondoka Maralal akarudi Uingereza. Macho yalikuwa yamekwisha kumpungukia nuru.

Kuna swali ambalo mwandishi wa Kiafrika hawezi kulikwepa mbele ya mikusanyo ya namna hii. Aliyeshika kamera alikuwa Mzungu, ofisa, raia wa dola iliyotawala. Aliyepigwa hakuwa na kamera, na mara nyingi hakuiona picha yenyewe. Thesiger alipenda watu wabaki kama alivyowakuta, akachukia magari, redio na barabara. Lakini mama wa Samburu anayepeleka mtoto mgonjwa hospitali anaihitaji barabara hiyo. Katika hilo alikosea. Picha zinazobaki ni nzuri kuliko mawazo yake kuhusu maendeleo.

Jambo moja, hata hivyo, linamtofautisha na wengi, nalo linaonekana wazi ukiweka kazi yake kando ya kazi ya Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyefanya kazi Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na akawapiga picha askari wa jeshi la Wajerumani. Picha za Dobbertin zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, na nyingi zinapatikana bure mtandaoni. Ni picha safi, zenye mwanga mzuri. Lakini anayeonekana humo ni "askari", ni "mpagazi", ni "kombania". Babu zetu wamo mle, na hakuna anayejua yupi ni nani. Kwa Thesiger, bin Kabina, bin Ghabaisha na Lawi wana majina. Mwaka 1990 picha zake za Arabuni zilirudishwa na kuonyeshwa Abu Dhabi, na baadaye nyingine zikawekwa maonyesho ya kudumu katika ngome ya Jahili, mjini Al Ain. Huko mtu anaweza kumwonyesha mwanawe kwa kidole na kusema: huyu ni wa ukoo wetu.

Ludewa yenyewe imepitiwa na vita kwa karibu kuliko vitabu vya shule vinavyoonyesha. Manda, ambayo Wajerumani waliiita Wiedhafen, ilikuwa bandari yao ziwani. Oktoba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipita Ubena, upande wa Njombe, likamwacha huko Jenerali Wahle akiwa mgonjwa, kisha likaendelea hadi liliposalimu amri Abercorn (Mbala, Zambia ya leo) tarehe 25 Novemba, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Wapagazi na askari waliopita njia hizo walikuwa watu wenye wake, watoto na vijiji.

Adui wa picha zilizobaki majumbani anajulikana. Ni ukungu. Kwanza ule wa nje, unaoshuka kutoka Milima ya Livingstone na kulowesha kila kitu kuanzia mabati hadi magodoro. Kisha ule wa pili, unaoota juu ya karatasi yenyewe, madoa meupe yanayoanzia pembeni na kutambaa hadi usoni. Moshi wa jikoni huongeza umanjano. Kioo cha fremu kikigusana na picha kwa miaka, vinanatana, na siku ya kuvitenganisha uso unabaki kwenye kioo. Mifuko ya plastiki, ambayo wengi huidhania kuwa kinga, hufungia unyevu ndani. Bahasha ya karatasi kavu, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, katika chumba kisicho na moto, inatosha. Simu yoyote yenye kamera inaweza kuipiga picha hiyo nakala mchana, dirishani, bila flashi, ili hata ya kwanza ikiharibika sura isipotee.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwenu ipo picha ya Keya au ya Kagera, ishushe ukutani wiki hii. Kaa na bibi, na mjomba, na yeyote aliyebaki wa rika lile. Waulize majina, kikosi, mahali na mwaka, na ni nani hao wawili walio kushoto. Uyaandike nyuma ya picha kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya hadi mbele. Fanya hivyo wakati anayewatambua bado yupo.